Baba Mkwe Haingii Jikoni

Jumatano, 3 Oktoba 2012

Naitwa Athanas Simiyu wa Bungoma. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini nimejenga shule saba, na waliosoma mpaka mwisho wamesomea ndani ya kuta zangu, kwa hivyo mtu asinichekee mwandiko. Naandika kwa sababu hapa Doha mchana kutwa sina wa kuongea naye. Mwanangu Owen anaondoka alfajiri kwenda Lusail, kule wanakojenga mji mpya mchangani, anasimamia watu wa kumwaga zege. Mke wake ni muuguzi, leo yuko zamu, kesho amelala. Mama Owen nilimzika mwezi wa sita. Owen akasema njoo ukae na sisi mpaka uchungu upoe. Nikaja.

Nyumba iko Najma, ghorofa ya tatu. Vyumba viwili, jiko moja, bafu moja. Bafu moja! Siku ya kwanza nilishtuka mpaka nikakaa juu ya sanduku langu. Kwetu baba mkwe na mkaza mwana hawaogi mahali pamoja, hawashikani mikono, hawali meza moja, na mguu wa mzee hauingii jikoni kwa mke wa mwanawe. Wazee wengi siku hizi wamelegeza. Mimi sijalegeza. Nimepanga mambo yangu hivi: naoga chini kwa Herbert, Mganda mmoja askari wa lango la hoteli. Nakula kwenye roshani, kiti nimekigeuza kitazame barabara. Owen asipokuwepo, mke wake anauambia ukuta, "Chakula cha Baba kiko tayari," na mimi naliambia dirisha, "Asante."

Wameoana miaka sita. Sijamtazama usoni hata siku moja. Nani mwingine anaweza kusema hivyo?


Jumamosi, 6 Oktoba

Joto. Hata maji ya bomba la baridi yanachemka.


Ijumaa, 12 Oktoba

Leo nimeshtuka vibaya.

Owen alikuja roshani na soda mbili, akakaa chini kama alivyokuwa akikaa zamani akitaka karo. Akasema, "Baba, mimi na Jeptoo tunaasili mtoto."

"Mnafanya nini?"

"Tunachukua mtoto asiye na wazazi, awe wetu kisheria. Msichana. Ana miaka miwili. Yuko kwenye makao ya watoto Mbale."

"Mbale ya Uganda? Kwani Bungoma watoto wamekwisha?"

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akanionyesha picha kwenye simu. Mtoto ana kichwa kikubwa na gauni la njano, anaitwa Nambozo. Aliachwa sokoni kando ya magunia ya kabichi. Wao walimwona mwaka jana walipokwenda kwenye harusi ya rafiki yao huko, na mke wake hajalala usingizi mzuri tangu siku hiyo.

Nikamwambia, "Owen, hata mbuzi ananunuliwa baada ya kuangaliwa meno. Nyinyi mnachukua mtu kwa picha ya simu?"

Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, na sauti yangu ya kawaida hufika ng'ambo ya mto. Kule jikoni vyombo vilikuwa vinagongana. Vikanyamaza.

Owen akasema polepole, "Baba, tumehangaika miaka sita. Hospitali nne. Hukujua kwa sababu huulizi."

Nitamuuliza nani? Mkaza mwana? Hayo ni maswali ya mama Owen, na mama Owen hayupo.

Kumbe pia kuna wakili, kuna korti ya Uganda, kuna tiketi, na kuna mtu wa kuja kukagua nyumba kama inafaa mtoto. Mimi nilizaa tisa na hakuna aliyekagua nyumba yangu.


Alhamisi, 25 Oktoba

Wanatafuta pesa za wakili. Mke wa Owen anakaanga maandazi akitoka zamu, Herbert anayabeba kwa askari wenzake. Nyumba inanuka iliki. Maandazi ni mazuri. Nimeliambia dirisha.


Ijumaa, 9 Novemba

Niliwaambia, fanyeni harambee, mimi niliongoza ile ya josho la ng'ombe mpaka mbunge akatoa koti lake. Owen akaruka. "Baba, huku huwezi kuchangisha hadharani bila kibali. Utatufungisha." Nilishtuka kwamba iko nchi ambayo harambee ni kosa. Basi wakaalika marafiki tu, kula, kwa Wesley na Edith huko Al Wukair. Wesley ni dereva wa shule, Edith alifanya kazi wodi moja na mke wa Owen.

Tulikula. Watu wakaanza kutoa bahasha kimya kimya kama wanaoiba. Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua nanasi mezani nikasimama juu ya kreti.

"Nanasi hili limetoka mbali kuliko nyinyi nyote! Nani ananunua?"

"Mzee, limenyauka!" Wesley akapiga kelele.

"Limenyauka kama wewe, na bado wewe ulipata mke!"

Edith alicheka mpaka akashika ukuta. Akalinunua, akasema anampa Wesley alibebe kichwani azunguke ua. Wesley akatoa zaidi ili asilibebe. Herbert akatoa zaidi ya Wesley ili alibebe. "Banange, jamani, lazima tuone!" Nanasi likauzwa mara tisa na halijakatwa. Mwishowe jirani aligonga geti, na sote tukanyamaza kama kuku walioona mwewe.

Njiani Owen alisema wamepata karibu nusu ya pesa za wakili. Mke wake kiti cha mbele akauambia mlango wa gari, "Baba ametusaidia sana leo." Mimi kiti cha nyuma nikaliambia dirisha, "Hiyo si kitu. Mngeniona kwenye josho."


Jumanne, 20 Novemba

Mvua. Dakika chache tu, na watu wote barabarani wametoa simu kuipiga picha! Barabara imejaa maji kama shamba la mpunga, hawakuchimba mitaro. Wangeniuliza.


Jumanne, 27 Novemba

Mafuta yamemchoma mke wa Owen.

Saa tisa mchana nilikuwa sebuleni nasikia maandazi yakilia kwenye karai. Nikasikia kishindo, halafu yeye, sauti ambayo sijawahi kusikia ikitoka kwake. Nilifika mlangoni pa jikoni mara moja. Nikaona karai limepinduka, moshi, moto mdogo kwenye kitambaa kando ya gesi, na yeye ameinama ameshika mkono. Miguu yangu ikasimama pale penye kizingiti. Haki ya Mungu, haikutoka hapo. Nikageuka, nikashuka ngazi zote mbio kumwita Herbert. Kijana yeyote wa hapa asingenishika.

Herbert alikuwa amelala, yeye hukesha langoni. Akapanda na kaptula tu. Tulipofika, moto ulikuwa umezimika, yeye mwenyewe alikuwa ameufunika kwa sufuria na kufunga gesi, mkono uko chini ya bomba. Herbert akampeleka hospitali kwa teksi.

Jioni aliporudi Herbert aliniuliza, "Mzee wangu, wewe ulikuwa mlangoni?"

"Ndiyo."

"Ukaliacha jiko, ukashuka ghorofa tatu kuja kuniamsha?"

"Nilikimbia sana."

Aliniangalia. "Ee," akasema, akaenda kuvaa nguo za kazi.

Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi vidole. Watabadilisha bandeji kila siku.


Ijumaa, 30 Novemba

Hakuna maandazi.


Jumamosi, 8 Desemba

Mkaguzi wa nyumba amekuja. Ni Mkenya, anaitwa Millicent, mtu wa ustawi wa jamii, mzaliwa wa Nairobi, miwani kwenye kamba. Huzunguka Ghuba akiandikia korti habari za watu wanaoasili. Aliangalia kabati, dawa, madirisha, hata friji. Halafu akaomba kuongea na kila mtu peke yake. Mimi nilikuwa wa mwisho, nakula roshani, nimevaa koti maana siku hizi kuna baridi.

"Mzee, mbona unakula nje?"

"Ndiko ninakokula."

"Kila siku?"

"Kila siku. Joto, baridi, vumbi."

"Na unaoga wapi?"

"Chini kwa Herbert. Ngazi zote kushuka, zote kupanda. Nina miaka sabini na miwili. Nitajie mwingine anayeweza."

"Hapa ndani si kuna bafu?"

"Liko, zuri sana. Si langu."

"Ukisikia njaa unaingia jikoni kujipakulia?"

Nilicheka. "Mama, mguu wangu haujakanyaga jiko hilo tangu nije."

"Na mke wa Owen huwa anakuongelesha?"

"Hapana. Na mimi simwongeleshi. Mwaka wa sita huu."

Alikuwa akiandika mbio mbio. Nilijua anaandika sifa zangu, nikasema taratibu zisimpite.


Jumatano, 19 Desemba

Sijawahi kushtuka hivi tangu mama Owen aanguke.

Owen alirudi kabla ya saa zake, kofia ya kazi bado kichwani. "Baba, yule mama ulimwambia nini?"

"Ukweli."

"Amepiga simu. Anasema amesimamisha faili. Anasema sisi tunakutesa! Eti mzee analishwa nje kwenye baridi, ananyimwa bafu, haruhusiwi jikoni, mke wa nyumba hamsemeshi. Anasema watu wanaomfanyia hivyo baba yao hawawezi kupewa mtoto wa watu."

Nilitafuta mahali pa kukaa. "Mimi? Kuteswa? Nani anaweza kunitesa mimi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa!"

"Hiyo ni heshima!"

"Mimi najua ni heshima! Yeye amezaliwa Nairobi, atajuaje? Ungemwambia!"

"Kwani jua linaelezwa kwamba ni jua?"

Nyuma ya mlango wa chumba chao mke wake alikuwa analia. Si kwa sauti. Analia kama mtu anayejizuia asiharibu kazi ya wengine. Nilitaka kumwambia kitu na hapakuwa na dirisha karibu.


Krismasi

Owen amempigia Millicent mara nyingi. Amekubali kuja tena mwezi wa kwanza akipita Doha. Edith ameleta kuku. Nimekula roshani, lakini nimekigeuza kiti kidogo.


Jumamosi, 12 Januari 2013

Nitaandika yote.

Millicent alikuja saa nne asubuhi. Nilikuwa nimenyoa. Nilimweleza kuanzia kwa babu yangu: kwa nini mzee hukaa mbali na mke wa mwanawe, kwamba hiyo ndiyo fahari ya nyumba, kwamba mwanamke asiyeheshimiwa hivyo ndiye aliyedharauliwa. Nilisema vizuri sana. Hata Owen alikuwa ananitazama kama zamani.

Millicent akavua miwani. "Mzee, nimekuelewa. Nilikosea, na nitawaomba radhi wote."

Nikajiona mkubwa kuliko jengo.

Halafu akauliza, "Ule mkono wa Jeptoo uliungua vipi?"

Owen akasema, mafuta ya maandazi. Akauliza nani alikuwa nyumbani. Nikasema mimi, na nikamweleza nilivyokimbia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, sauti ya chini kabisa, "Sasa nisaidie jambo moja tu. Mtoto yuko hapa. Owen yuko Lusail. Mafuta yanamwagika, mama ameanguka chini, na mtoto yuko naye huko jikoni. Mzee, utaingia?"

Nikafungua mdomo. Nikaiona ile siku, kizingiti, miguu yangu. Nilitaka kusema, mtoto si mkaza mwana, mtoto naweza kumshika. Lakini mtoto yuko mikononi mwake. Nilitaka kusema, nitamwita Herbert. Herbert huenda yuko kazini. Millicent alingoja. Owen alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Jeptoo. Hakuuambia ukuta.

"Hataingia."

Neno moja tu. Na lilikuwa kweli, ndiyo maana nimeshtuka mpaka sasa. Mwanamke niliyemlinda kwa heshima miaka sita amesema mbele ya mgeni kwamba ningemwacha aungue na mtoto wake. Na sikuweza kumbishia.


Jumapili, 13 Januari

Sina la kuandika.


Alhamisi, 17 Januari

Upepo wa vumbi. Majengo ya mbele hayaonekani.


Jumapili, 20 Januari

Mke wa Owen ameweka chai. Sikuinywa. Halafu nikainywa imeshapoa.


Ijumaa, 1 Februari

Ripoti imekuja. Owen alinisomea, akaruka mahali nikamwambia arudi asome.

Wao wawili wamepita. Imeandikwa ni watu wakweli, na kwamba ukweli wa mke umempa mkaguzi imani kuliko kabati zote. Lakini kuna sharti. Owen atie sahihi kwamba mtoto akija, baba yake hatakuwa anaishi humu. Asipotia sahihi ndani ya wiki mbili faili linafungwa, na makao yatamtafutia Nambozo watu wengine.

Owen alikunja ile karatasi. "Sitii. Siwezi kuandika kwa mkono wangu kwamba nimemfukuza baba yangu. Watu wa nyumbani watasema nini?"

Nikangoja mke wake aseme kitu. Nilisikia tu bandeji ikifunguliwa, ile plasta inavyolia.

Nilimwambia Owen, "Hunifukuzi. Mwezi wa pili ni wa kulima. Unafikiri mahindi yatajipanda? Nitafutie tiketi."

"Baba, unasema hivyo kwa sababu ya yule mama."

"Hakuna mama anayeweza kuniondoa mahali. Naondoka kwa sababu ya mahindi."

Alinishika bega. Nilimwacha alishike kidogo.


Jumatano, 6 Februari

Tiketi ni ya Jumamosi. Bado hajatia sahihi. Anatembea na ile karatasi mfukoni mwa ovaroli, inapata zege.


Jumamosi, 9 Februari

Naandika nikiwa uwanja wa ndege, ndege bado.

Owen alipaswa kunileta, lakini Lusail kuna zege la kumwagwa leo na hawakumpa ruhusa. Tuliagana alfajiri. Nilisema nitachukua teksi. Mlango ukafunguliwa, mke wake akatoka na ufunguo wa gari, akabeba sanduku langu kwa mkono mzima.

Nilikaa kiti cha nyuma. Tukaenda mpaka taa za kwanza. Akasema, akitazama mbele, "Baba, kuna kitu nataka kukwambia, na hapa hakuna ukuta."

Nikalivuta sanduku karibu.

"Ile siku ya mafuta nilisikia miguu yako mlangoni. Nikasema, Mungu asante, mtu amekuja. Halafu nikaisikia ikishuka ngazi."

"Nilikwenda kuita mtu."

"Na wewe, Baba, si mtu?"

Taa zikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, hatukuondoka haraka.

"Nilipomwambia Millicent hutaingia, sikutaka kukuaibisha," akasema. "Ningesema utaingia, Nambozo angekuja kwetu kwa uongo. Ameachwa sokoni. Uongo tayari amepata wa kumtosha." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Owen ametia sahihi leo asubuhi. Hakuweza kukwambia. Alilia bafuni."

Nilishtuka, halafu nikaona kwamba nilikuwa nimeingoja hiyo sahihi. Ingekosekana ningemdharau.

"Mbale ni karibu na kwako," akasema. "Sisi hatupati likizo mpaka mwezi wa nne, na korti itachukua muda wake. Tangu tumwone ni zaidi ya mwaka. Hatujui kama anaongea. Hatujui kama anakula. Baba, mimi siwezi kukulazimisha."

"Simamisha gari," nikasema.

Akadhani nimekasirika. Akasimama kando, mbele ya bakala moja, kiduka cha mtaani, muuzaji akatuchungulia kupitia kioo. Nilishuka. Nikafungua mlango wa mbele, nikakaa. Nilifunga mkanda, ukanisumbua, akanyoosha mkono wenye kovu akaubonyeza mpaka ukalia. Mkono wake uligusa koti langu, na mimi sikusogea.

Ndipo nikageuka nikamtazama.

Nilidhani ni msichana. Miaka yote hii kichwani mwangu nilikuwa na msichana aliyeingia uani kwangu na leso usoni siku ya harusi. Jeptoo ana mvi. Zimeanzia masikioni zimepanda mpaka juu, na chini ya macho pamekuwa peusi kama mtu aliyekesha miaka sita. Wakati ule nauliza kwa nini wana haraka, kwa nini mtoto wa Mbale, jibu lilikuwa linapita mbele yangu kila siku na sahani ya ugali.

"Baba, kuna nini?" akauliza.

"Endesha," nikasema. "Nikifika Jumapili, Jumatatu napumzika, Jumanne niko Mbale. Najua njia ya Lwakhakha kuliko watu wa forodha. Anapenda nini, huyu mtoto?"

"Hatujui."

"Basi nitamuuliza."

Tulikwenda hivyo mpaka hapa, watu wawili mbele, na kiti cha nyuma sanduku peke yake.